Kodi ya muda yenye haikuisha: ukoo wa Valois na walimaji wa Ufaransa



Wakati mutu anataja "Valois", wengi wetu tunakumbuka orodha ya majina ya ku masomo: Philippe VI, Jean II, Charles V, kuendelea mupaka Henri III. Wafalme 13, miaka 261, tangu 1328 mupaka 1589. Tunakumbuka pia Jeanne d'Arc, majumba makubwa kando ya muto Loire, na François I mwenye alimupokea Leonardo da Vinci. Hayo yote ni kweli. Lakini mimi nilisoma agronomi, na lisansi yangu ilinizoesha kuuliza maulizo ya shamba: mavuno yalikuwa ngapi, mbegu ya mwaka ujao ilitoka wapi, nani alikula na nani alilala njaa. Kwa hiyo habari ya wafalme hawa ninaisoma na swali moja tu: nani alilipa, na alilipa namna gani?

Jibu fupi ni hili: mulimaji njo alilipa, kupitia kodi zenye zilianza kama musaada wa muda, juu ya vita. Vita ikaisha, kodi ikabaki. Tufuate hatua kwa hatua ginsi ile ilifanyika, kwa sababu hakuna siku moja yenye mufalme alisimama na kusema "tangu leo mutalipa milele". Ilikuja polepole, na kila hatua ilikuwa na sababu yake ya kueleweka.

Kwanza tujue desturi ya zamani. Mu Ufaransa ya karne ya 13, watu waliamini kwamba mufalme anapaswa kuishi kwa mali yake mwenyewe: mashamba yake, mapori yake, vinu vyake, feza za mahakama yake. Kama kuna hatari kubwa, anaweza kuomba musaada, lakini anapaswa kueleza sababu, kupata ukubali, na kuacha kulipisha wakati sababu imekwisha. Mufikiri vizuri juu ya ile kanuni, juu Valois njo waliivunja.

1. Kiti chenye kilileta vita

Valois hawakuwa wageni. Walikuwa tawi la ukoo wa Capet, wenye ulitawala tangu 987. Philippe IV, wenye wanamuita "le Bel", alikufa mu 1314 na kuacha wana watatu. Wote watatu walitawala mumoja nyuma ya mwingine, na wote wakakufa bila kuacha mutoto mwanaume wa kurizi. Wa mwisho, Charles IV, alikufa tarehe 1/2/1328. Bibi yake alikuwa na mimba, kwa hiyo wakuu wakangojea. Mutoto akazaliwa: musichana. Na tangu 1316 walikuwa wamekwisha kumuweka kando binti wa Louis X kusudi asitawale. Kwa hiyo huyu naye hakuhesabiwa.

Walibaki wawili wa karibu. Mumoja ni Edward III, mufalme kijana wa Uingereza, mujukuu wa Philippe le Bel kupitia mama yake Isabelle. Mwingine ni Philippe de Valois, mutoto wa ndugu ya Philippe le Bel. Kwa damu, Edward alikuwa karibu zaidi. Lakini wakuu wa Ufaransa walisema: kama mwanamuke hawezi kutawala, hawezi pia kupitisha haki yenye yeye mwenyewe hana. Na tuseme ukweli, hawakutaka mufalme wa Uingereza awe juu yao. Philippe VI akatawazwa kule Reims mu mwezi wa 5 wa mwaka wa 1328. Ile "sheria ya Wasalii" yenye tunasoma mu vitabu ilikuja kutajwa kwa nguvu nyuma, kwa kutetea uamuzi wenye ulikuwa umekwisha kufanywa.

Mu ule mwaka wa 1328, serikali ya mufalme ilifanya kazi moja ya ajabu: ilihesabu parokia na nyumba, yaani mafiga, mu sehemu zenye mufalme alilipisha mwenyewe. Walipata parokia karibu 24 000 na mafiga karibu milioni 2 na nusu. Haikuwa kwa kujua watu wanaishi vizuri ao vibaya. Ilikuwa kwa kujua wanaweza kulipa ngapi.

Mu 1337 vita na Uingereza ikaanza, ile wenye wanaiita Vita ya Miaka Mia Moja. Kiti chenye watu wanakigombania kinalindwa na maaskari, na maaskari wanakula feza. Mu 1341 Philippe VI akaweka maghala ya chumvi na kodi juu yake. Kodi hiyo waliiita Gabelle. Kwa mutu wa leo munyu ni kitu kidogo, lakini mulimaji wa wakati ule alikuwa hana frigo: nyama ya nguruwe ya kula mu miezi ya baridi, siagi, samaki, vyote vililindwa na chumvi. Kulipisha chumvi ni kulipisha kila jiko.

2. Mufalme anakamatwa, franga inazaliwa

Mu 1346 jeshi la Philippe VI likashindwa kule Crécy. Mwaka wenye ulifuata, Waingereza wakakamata muji wa Calais. Mwishoni mwa 1347 tauni ikaingia kupitia Marseille, na mu 1348 ikaenea mu Ufaransa karibu yote. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba musiba ule uliondoa karibu mutu mumoja kwa watatu. Mikono ya kulima ikapunguka, mashamba mengi yakarudi pori. Vita haikungojea mashamba yapone.

Tarehe 19/9/1356, kule Poitiers, Waingereza wakamukamata mufalme mwenyewe, Jean II. Sasa hesabu ikabadilika. Mu mapatano ya 1360 bei ya kumukomboa ikawekwa: écu milioni 3 za zahabu. Mufikiri inchi yenye imetoka ku tauni, na kukosa theluthi ya watu, inapaswa kutoa milioni 3 za zahabu juu ya mutu mumoja.

Mbele ya ile, walimaji walikuwa wamekwisha kulipuka. Mu mwezi wa 5 wa 1358, kaskazini ya Paris, mu eneo la Beauvais, wakasimama juu ya wakuu wao. Uasi ule unaitwa Jacquerie, kwa sababu wakuu walimuita mulimaji "Jacques" kwa kumuzarau. Walisema hivi: wakuu hawalipi kodi juu wanatulinda na upanga, sasa kule Poitiers wameshindwa, mufalme amekamatwa, maaskari wanaiba ngombe zetu, wanatulinda na nini? Kiongozi wao Guillaume Cale akakamatwa kwa udanganyifu na kuuawa, na mu wiki mbili tu uasi ukazimwa na damu nyingi. Sitetei mambo mabaya yenye waasi walifanya mu majumba ya wakuu. Lakini swali lao halikujibiwa.

Kwa kulipa feza za mufalme, tarehe 5/12/1360 wakatoa sheria ya kodi mupya: denari 12 juu ya kila livre ya vitu vyenye vinauzishwa (livre ilikuwa denari 240, ni kusema 5 kwa 100), sehemu ya chumvi, na sehemu ya vinywaji. Ilipangwa kuwa ya miaka sita. Ku sheria ile wakatengeneza pia feza mupya ya zahabu, yenye sura ya mufalme juu ya farasi, na wakaiita "franc".

Njo hapa habari ya mbali inaingia mu mufuko yetu. Ile "franga" yenye tunatafuta kila siku, jina lake linatoka kule. Wafaransa walilirudisha mu 1795, Wabelgiji wakalichukua wakati walipata uhuru wao, na utawala wa Léopold II ukalileta Congo mwishoni mwa karne ya 19. Kila wakati unaita franga, unataja bila kujua feza yenye ilitengenezwa wakati wa kumukomboa mufalme wa pili wa Valois.

Feza zote za Jean II hazikulipwa hata siku moja. Mutoto wake mwenye alibakia kama rehani akatoroka, na Jean akarudi mwenyewe London, akafia kule mu 1364. Mufalme amekufa, sababu imekwisha. Kodi ya miaka sita? Iliendelea mupaka 1380.

3. Kodi inaota mizizi

Charles V, mutoto wa Jean, alikuwa mutu wa akili. Aliongeza kodi ingine juu ya kila figa, alipanga jeshi vizuri, na akarudisha sehemu kubwa ya inchi. Lakini kumbe zamiri yake haikutulia. Mu 1380, siku yenye alikufa, aliamuru kodi ya mafiga ifutwe. Watu wakasikia na wakaamini. Wakati serikali ya mutoto wake Charles VI ilirudisha kodi, Paris na Rouen zikaasi mu 1382. Uasi ukavunjwa, kodi ikarudi.

Charles VI alipata ugonjwa wa akili tangu 1392, na ndugu zake wakapigania hazina. Mu 1415 Waingereza wakashinda kule Azincourt, na mu 1420 mapatano ya Troyes yakampokonya mutoto wa mufalme haki ya kurizi, yakaipa Henry V wa Uingereza. Ukoo wa Valois ulikuwa karibu kuzimika. Munajua yenye ilifuata: Jeanne d'Arc akaokoa muji wa Orléans mu 1429, Charles VII akatawazwa kule Reims tarehe 17/7 ya ule mwaka, na Jeanne akachomwa moto kule Rouen mu 1431.

Lakini kwa mulimaji, mwaka mukubwa zaidi ni 1439. Wakati ule maaskari wenye hawakulipwa walizungukazunguka mu inchi na kunyanganya. Watu waliwaita "wachunaji", juu walimuacha mutu bila hata nguo. Tarehe 2/11/1439, kule Orléans, Charles VII akaamuru kwamba mufalme peke yake njo ana haki ya kukusanya jeshi, na mukuu yeyote amekatazwa kulipisha watu wake Taille kwa faida yake mwenyewe ao kuongeza kitu juu ya ile ya mufalme. Taille ni kodi ya moja kwa moja juu ya nyumba na mali ya mutu. Mu 1445 akapanga vikosi vya kudumu, vyenye vilikuwa na watu karibu 9 000, vyenye kulipwa mushahara mu wakati wa vita na wa amani.

Tuwe wa kweli: watu wengi walifurahi. Kulipa kodi moja kwa mufalme ilikuwa afazali kuliko kunyanganywa na kila kapiteni mwenye kupita. Usalama kidogo ulirudi na mashamba yakaanza kulimwa tena. Sitasema kwamba kodi ilikuwa wizi mutupu. Ilinunua kitu. Shida ni kwamba jeshi lilikuwa sasa la kudumu, kwa hiyo kodi nayo ikawa ya kudumu, na mufalme akaacha polepole kuita mikutano ya wajumbe kwa kuomba ukubali. Tarehe 17/7/1453 vita kubwa ya mwisho ikapiganwa kule Castillon. Waingereza wakabaki na Calais tu. Vita ya miaka mia imekwisha. Taille haikuisha.

Philippe de Commynes, mwenye alimutumikia Louis XI na kuandika habari za wakati ule, alisema wazi kwamba Charles VII njo alikuwa wa kwanza kulipisha Taille kwa mapenzi yake bila ukubali wa wajumbe, na kwamba aliacha kidonda chenye kitatoka damu muda murefu. Haikuwa adui wa mufalme mwenye alisema vile, ilikuwa mutu wa nyumba ya mufalme.

Namba zinamupa haki. Mwanzoni mwa utawala wa Louis XI, mu 1462, Taille ilileta karibu livre milioni 1,2. Mu 1481 ilikuwa karibu milioni 4,6. Hakukuwa Muingereza mu inchi tena. Wakati alikufa, wajumbe wakakutana kule Tours mu 1484 na kulia sana, na kodi ikapunguzwa mupaka karibu milioni moja na nusu. Waliomba pia wawe wanaitwa tena kila miaka miwili. Hawakuitwa. Bila mukutano wa kuilinda, ile nafuu ilibaki paka mu mikono ya mufalme: yeye njo aliamua ikae ao iondoke.

4. Hesabu ya mulimaji

Sasa niingie mu fasi yenye ninajua. Kodi si namba ya livre tu. Tuione mu mifuko ya ngano.

Mu zile karne, mavuno ya ngano mu Ufaransa yalikuwa kwa kawaida mbegu 4 mupaka 6 kwa kila mbegu moja yenye imepandwa. Mu sehemu nyingi za kaskazini waligawanya mashamba mara tatu: sehemu ya ngano ya baridi, sehemu ya nafaka za mwezi wa tatu kama vile shayiri, na sehemu ya kupumuzika. Ni kusema kila mwaka theluthi ya udongo haitoi kitu, juu mbolea haitoshi, na mbolea haitoshi juu ngombe ni kidogo.

Tuchukue mufano wa kueleza tu. Mulimaji amepanda mifuko 4, amevuna 20. Anatoa 4 za mbegu, anabaki na 16. Anatoa fungu la kumi la kanisa, tuseme 2, anabaki na 14. Mukuu wa udongo naye anachukua 2. Inabaki 12 ya kulisha nyumba, kurudishia chombo chenye kimevunjika, na kulipa Taille.

Mwaka ujao mvua imeharibu. Mifuko 4 imetoa 12 tu. Mbegu bado ni 4, anabaki na 8. Fungu la kumi linashuka, juu linahesabiwa kwa mavuno: mufuko moja na kidogo. Ya mukuu nayo inashuka hivyohivyo. Inabaki mifuko 5 na nusu. Muone vizuri: mavuno yamepunguka 40 kwa 100, lakini chakula cha nyumba kimepunguka zaidi ya nusu. Na Taille haishuke na mavuno. Inalipwa kwa feza, na kiasi chake kimewekwa kule juu. Kwa hiyo mulimaji anauzisha ngano nyuma tu ya mavuno, wakati kila mutu anauzisha na bei iko chini, kisha anainunua tena mbele ya mavuno mengine, wakati bei imepanda. Mutu yeyote mwenye amefanya kazi na walimaji anajua huu mutego.

Namna ya kugawanya kodi iliongeza uzito. Mufalme alipanga jumla ya inchi. Jumla ile ikagawanywa kwa majimbo, kisha kwa wilaya, kisha kwa parokia. Mu parokia, wanakijiji wenyewe waliamua kila jirani atalipa ngapi, na kijiji chote kilibeba jukumu la kufikisha jumla. Wakuu hawakulipa. Mapadri hawakulipa. Miji mingi mikubwa ilinunua ao kupewa uhuru. Maofisa wengi wa mufalme hawakulipa. Na hapa njo kuna siri ya mashine yote: jumla haibadiliki. Wakati tajiri wa kijiji anapata uhuru wa kutolipa, sehemu yake haifutwi. Inaangukia jirani.

Ile namna iliumiza hata kilimo chenyewe. Mu majimbo mengi ya kaskazini, walipima utajiri wa mutu kwa macho: ana ngombe wangapi, ana farasi, amebadilisha paa? Kwa hiyo mulimaji mwenye akili aliogopa kuonekana. Ngombe wa pili angemupa mbolea na mavuno, lakini angemuletea pia kodi. Kusini, mu Languedoc, walifanya tofauti: Taille ilifuata udongo, na kila kijiji kiliandika mu kitabu kila shamba, ukubwa wake na uzuri wa udongo wake. Kule mukuu mwenye amenunua shamba la mulimaji wa kawaida aliendelea kulipia lile shamba. Haikuwa haki kamili, lakini ilikuwa hesabu yenye mutu anaweza kuona na kubishania. Kwangu mimi, ile tofauti ya kaskazini na kusini inaonyesha kwamba watu wa wakati ule walijua namna nzuri zaidi. Hawakukosa akili. Wenye kupata faida njo hawakutaka.

5. Uzuri wa Renaissance na bei yake

Tangu 1494 wafalme wa Valois walienda kupigana mu Italia. Charles VIII alianza, Louis XII akaendelea, François I akashinda kule Marignan mu 1515. Louis XII, mwenye alipunguza Taille, aliitwa "baba wa watu" mu 1506. Watu walikumbuka mufalme kwa sababu aliwapunguzia muzigo. Hata hapo tunaona muzigo ulikuwa mukubwa namna gani.

François I alipenda uzuri, na siwezi kumunyima heshima yake. Jumba la Chambord lilianza kujengwa mu 1519. Mu 1530 aliweka waalimu wa kifalme, wenye chuo chao kinaitwa leo Collège de France. Mu 1539, kwa sheria ya Villers-Cotterêts, aliamuru hukumu na hati ziandikwe mu Kifaransa kuliko mu Kilatini, na mapadri waandike mu kitabu watoto wenye wamebatizwa.

Lakini tarehe 24/2/1525, kule Pavia, François I naye akakamatwa. Miaka 168 nyuma ya Poitiers, mufalme wa Valois alikuwa tena mateka. Aliachiliwa kisha wana wake wawili wakawekwa rehani mu Hispania, na mapatano ya 1529 yakaweka bei: écu milioni 2 za zahabu. Mara mbili, ukoo mumoja, na mara mbili waliolipa hawakuwa ku uwanja wa vita.

Taille peke yake haikutosha tena. Mu 1522 serikali ilianza kukopa kwa watu kupitia muji wa Paris, na kulipa faida kila mwaka kutoka ku kodi ya vitu vya soko. Ilianza pia kuuzisha kazi za serikali kwa mupango: mutu analipa, anakuwa hakimu ao mukusanya kodi. Kazi nyingi zilileta uhuru wa kutolipa Taille. Munaona muzunguko? Serikali inapata feza leo, lakini inapoteza mulipaji kesho, na mulipaji mwenye inapoteza ni tajiri. Jumla inabaki kwa masikini.

Wakati walitaka kufikisha Gabelle nzito mu majimbo ya kusini-magharibi, walimaji wakaasi mu 1548, na Bordeaux ikaingia. Henri II akatuma jeshi, muji ukaazibiwa vikali. Lakini kisha kodi ile ikalegezwa, na mu 1553 majimbo yale yakajikomboa kwa kulipa zaidi ya livre milioni moja. Hata ushindi wa walimaji ulikuwa na bei.

6. Mwisho wa ukoo

Mu 1559 Henri II alijeruhiwa mu muchezo wa mikuki na farasi, akakufa tarehe 10/7. Aliacha madeni yenye kupita livre milioni 40. Bibi yake, Catherine de Médicis, akabaki na watoto wadogo na hazina tupu. Wana watatu wakatawala mumoja nyuma ya mwingine: François II, Charles IX, Henri III. Tangu 1562 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana. Mu mwezi wa 8 wa 1572, usiku wa Mutakatifu Bartolomayo, Waprotestanti wengi sana wakauawa Paris. Dini na chuki za wakuu njo zilikuwa sababu kubwa, tusiseme kodi iliua watu wale. Lakini mufalme mwenye hana feza hawezi kuweka amani wala kulipa jeshi lake. Henri III aliita wajumbe kule Blois mu 1576 na tena mu 1588 kwa kuomba feza, na mara zote mbili walimukatalia. Wale wajumbe wenye wafalme walikuwa wamesahau miaka mingi, sasa hawakuwa na imani tena.

Tarehe 1/8/1589 mutawa mumoja, Jacques Clément, alimupiga Henri III na kisu kule Saint-Cloud. Akakufa kesho yake, bila mutoto. Dada yake Marguerite alikuwa muzima, lakini kanuni yenye ilimuleta Philippe VI ku kiti mu 1328 ndiyo ilimufungia mulango. Wana watatu wa Philippe le Bel walifungua njia ya Valois. Wana watatu wa Henri II waliifunga. Kiti kikaenda kwa Henri de Navarre, wa ukoo wa Bourbon, bwana wa Marguerite.

Ukoo ukaisha. Taille na Gabelle zikaingia mu mikono ya Bourbon na kuendelea miaka 200 ingine, mupaka Mapinduzi ya 1789 na miaka yenye ilifuata. Kodi iliishi kuliko wafalme wenye waliileta.

Sisi wenye tulisoma, wengi wetu tutafanya kazi mu serikali, mu miradi, mu maofisi ya kupanga hesabu, ao tutakuwa tu walipaji. Historia hii ilinipa maulizo matatu yenye ninatumia sasa wakati ninasikia juu ya mchango, kodi ao malipo yoyote ya "muda kidogo". La kwanza: sababu yake imeandikwa wapi, na tutajuaje siku yenye imekwisha? La pili: nani alikubali, na anaweza kuitwa tena kwa kusema hapana? La tatu, na kwa mutu wa kilimo ni la nguvu zaidi: nani halipi, na sehemu yake imeangukia nani?

Walimaji wa Beauvais waliuliza lile la tatu mu 1358 na mashoka mu mikono. Sisi tuna kalamu, tuliuze mapema.